Daisy Asirudishwe Darasa la Tatu

Hai Malakal, Juba
Jumamosi

Kwa Mwalimu Mkuu Gaetano,

Natumaini u mzima na jenereta ya shule imepona. Mimi ni baba yake Daisy wa darasa la nne. Naandika kwa heshima zote, ingawa nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Mwalimu Mirembe wa Kiingereza ametuma karatasi kwamba Jumatatu Daisy atarudishwa darasa la tatu, eti amefeli mazoezi manne ya nyumbani ya kutambua aina za maneno. Mtoto analia tangu jana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Neno la maji liliwekwa kwenye vitenzi, Mwalimu akatia alama ya kosa. Ni wazi hajawahi kungoja lori la maji huku kwetu. Maji ni kazi, tena ya siku nzima.

2. Umeme uliwekwa kwenye vihisishi, yale maneno ya mshangao. Kosa tena! Aje asikie wapangaji wa ploti nzima wanavyopiga kelele stima ikirudi.

3. Chini ya zoezi aliuliza kwa wino mwekundu ni nani anayemfundisha mtoto mambo haya. Hayo ni matusi kwa nyumba yangu. Nilipompigia simu aliniambia, "Mzee, wewe iko na hasira ya bure." Bure!

4. Kwa hiyo naomba Mwalimu Mirembe ndiye arudishwe darasa la tatu, na Kiingereza chenyewe kisimamishwe shuleni mpaka kijue watu wa Juba wanavyoishi.

Wasalimie walimu wote, mpishi, na askari wa getini. Mke wangu Kawira angekusalimu pia, ila hajui kwamba naandika.

Ni mimi, mtetezi wa mtoto,
Dancan Mutembei,
mtunza stoo hotelini

N.B. Kawira amejua. Amenifungulia daftari la Daisy. Wiki ile niliyokuwa Nimule kupokea mzigo wa hoteli, mtoto alifanya zoezi peke yake akapata kumi na tisa kwa ishirini. Yale manne yaliyofeli nilimpa majibu mimi. Nimemuuliza Daisy, anasema alijua nimekosea, lakini angemsahihishaje baba yake? Akanakili vivyo hivyo. Mwalimu, nimeona aibu kweli. Mwacheni darasa la nne. Ile nafasi ya darasa la tatu msimpe mtu. Mimi hutoka kazini saa tisa.