Chumba Chenye Madirisha Mawili

Jumatatu, 8 Februari 1982

Joto! Mshumaa wangu umeinama wenyewe juu ya sanduku, na wala haujawashwa. Mwaka wa sita huu tangu nitoke Masasi kuja Kariakoo, sijaona Februari ya namna hii. Bati la nyumba linatukaanga. Chumba changu kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jirani. Ukilifungua, joto la ukuta linaingia. Ukilifunga, unabaki na la kwako.

Lakini leo neema imeshuka. Mzee wa chumba cha mbele amestaafu bandarini, karudi kwao Liwale na kitanda chake. Chumba hicho kiko kwenye kona ya mitaa miwili, mkabala na changu, ng'ambo ya ukumbi. Madirisha mawili! Upepo wa baharini unaingia huku, unatokea kule. Nilisimama ndani dakika tano, shati likakauka mgongoni. Nusura nilie.

Nikamwahi Bi Tatu, mwenye nyumba, kule uani. Nikamwamkia shikamoo mara mbili. Akaitikia marahaba moja. Kumbe Awadhi ameshatangulia! Huyu ni fundi cherehani anayeshonea barazani kwetu na kupanga chumba cha nyuma, karibu na jiko. Mtu wa kutabasamu kila saa. Mimi simwamini mtu anayetabasamu mwezi wa pili.

Bi Tatu hakutaka maneno mengi. Mfereji wa uani umekauka, na Jumamosi ana harusi ya mpwa wake. Akasema yapo mapipa mawili: la jikoni atalijaza Awadhi, la bafuni nitalijaza mimi. Kila siku kabla ya magharibi atachungulia. Jumapili chumba atapewa yule ambaye pipa lake halikumwaibisha.

Mimi ni karani wa ghala, nimefika darasa la kumi. Awadhi ameishia la nne. Nimeshaanza kupima pazia.

Jumanne, 9 Februari

Bomba linalotoa maji liko mtaa wa pili, upande wa Gerezani. Nimetoka kazini saa nane na nusu, nikakuta foleni ya madebe imepinda kona mbili. Sheria ya foleni yetu inajulikana: debe likisimama, mwenyewe amesimama. Aliye nyuma analisukuma kwa mguu, mambo yanaenda. Sasa mtu aliyesoma aungue juani kwa nini? Nikapanga madebe yangu mawili, nikaenda zangu kwenye baraza yenye kivuli kucheza bao.

Awadhi nilimwona kwa mbali. Kasimama juani, kofia imelowa jasho, anasukuma madebe ya watu wote waliokimbilia kivulini. Nilicheka mpaka nikapoteza hesabu ya kete. Nikafungwa mara tatu na mzee mmoja aliyekuwa anasinzia.

Nikarudi. Madebe hayapo! Nikapiga ukelele wa mwizi. Watu wakajaa, mmoja akaja na mchi. Bahati Hyasinta alikuwepo, mpangaji mwenzetu anayeuza uji. Akaniambia, kaka Vitalis punguza sauti, Awadhi ameyajaza na kuyapeleka nyumbani. Kakatiza Mtaa wa Swahili na mzega wa madebe mawili begani, akarudi tena na tena. Nimefika, pipa langu limejaa hadi ukingoni.

Hila hiyo! Anataka Bi Tatu aone anavyobeba maji ya watu wawili. Kwa hasira nikamwaga debe zima uani. Kisha nikakumbuka ni maji yangu. Ikabidi nirudi bombani.

Jumatano, 10 Februari

Nimetafakari. Pipa ni kipimo tu, mwamuzi ni moyo wa Bi Tatu. Nikajitolea kumpigia pasi gauni lake la harusi, hariri ya zambarau. Akaniuliza kama ninajua. Nikamwambia nimezaliwa nayo.

Saa tisa alasiri, chumbani. Bati linawaka juu, pasi ya mkaa inawaka chini, mimi katikati kama chapati. Nikatumia akili. Miguu nikaitia kwenye karai la maji. Taulo bichi kichwani. Shati nje. Raha iliyoje! Maji ya karai yalipopata moto nikayabadilisha, mara sita, kutoka pipani. Tatizo lilikuwa taulo. Lilidondosha maji juu ya pasi, mvuke ukajaa chumba, nikawa sioni gauni wala mkono wangu. Pasi ikanitoka, ikatua begani kwa gauni, kutoka hapo ikaingia karaini. Mlio wake ulisikika mpaka barazani. Majivu kila mahali. Hariri ina tundu la ukubwa wa yai.

Awadhi akaja mbio akidhani nimeungua. Nikalificha gauni chini ya mkeka. Akaliona. Akalichukua, akakata kitambaa kwenye upindo na kushona ua juu ya tundu. Bi Tatu kalipenda ua mpaka kapiga kigelegele. Awadhi akamwambia wazo lilikuwa langu.

Mtego upo. Sijauona bado, lakini upo.

Wakati huo pipa limepungua shubiri nzima na jua linazama. Nikachukua mafiga matatu ya Hyasinta nikayatumbukiza ndani. Maji yakapanda yenyewe! Bi Tatu kachungulia, karidhika. Elimu ni kitu kikubwa.

Alhamisi, 11 Februari

Asubuhi Hyasinta hana mafiga ya kuinjikia uji. Ameyatafuta mpaka kwa jirani. Wateja wakaondoka na bakuli tupu. Baadaye kaenda kuoga, kazamisha kata, ikagonga jiwe. Maji meusi kama wino.

Nikaeleza kwa utulivu kwamba masizi husafisha maji, tulifundishwa shule. Akaniambia nikaoge nayo basi.

Nimemwaga pipa lote. Safari kumi na mbili za bombani, jua la kuchoma utosi. Harara imenitoka shingoni mpaka kiunoni. Siwezi kuegemea kiti, naandika nimesimama. Awadhi amepita akauliza kama ninataka unga wa mhogo wa kujipaka. Nikamwambia ninaendelea vizuri, hii ni rangi yangu ya kiangazi.

Ijumaa, 12 Februari

Wazo limenijia ghalani, katikati ya magunia. Barafu! Barafu ni maji yaliyokubali kubebwa. Bonge moja kubwa, mkokoteni mmoja, pipa linajaa, tena maji ya baridi. Bi Tatu ataoga siku ya harusi kama mke wa waziri. Na kabla halijaingia pipani, litanipoza chumba. Hata yule mzee wa madirisha mawili alikuwa hana kitu kama hicho.

Nimetoroka kazini saa tano, nikashika njia ya feri, wanakohifadhia samaki. Bonge limefunikwa unga wa mbao, likafungwa kwenye gunia. Nikamwambia wa mkokoteni apite njia za nyuma, Awadhi asiige. Barazani nilikuta cherehani tu. Nikaliburuta gunia mpaka chini ya kitanda, nikalala kifudifudi sakafuni na kulikumbatia. Robo saa ya pepo! Nikarudi kazini kusaini daftari, nikijua nitalikuta.

Kumbe njia za nyuma ndizo zenye macho. Nimerudi, mlangoni kwangu amesimama balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Hamis, na nusu ya mtaa nyuma yake. Ameletewa habari kwamba karani wa ghala ameingiza gunia zito kwa kujificha, mchana kweupe. Sukari haijaonekana dukani mwezi mzima. Akaniuliza kama mimi ni mlanguzi. Nikasema mimi ni mwananchi mwema. Akasema wote wanasema hivyo.

Mlango ukafunguliwa. Chini ya kitanda: gunia tupu, limelowa chapachapa. Sakafu ziwa. Unga wa mbao unaelea pamoja na viatu vyangu. Mzee Hamis akauliza mzigo uko wapi. Nikasema umeyeyuka. Minong'ono! Mama mmoja akasema hata sukari huyeyuka, huyu ameimwagia maji kuharibu ushahidi. Nikaapa ilikuwa barafu. Wakataka niwaonyeshe barafu. Nitaitoa wapi?

Mzee Hamis ni mtu wa haki. Akachuchumaa, akachovya kidole sakafuni, akalamba. Akachovya tena. Akatangaza kwamba si tamu. Nikashusha pumzi. Akaongeza kwamba ina ladha ya samaki. Kesi ikaanza upya! Sasa nikawa mlanguzi wa samaki.

Hapo Awadhi akajipenyeza. Akaapa kwamba alikuwa akitoka kununua vifungo dukani na aliuona mkokoteni ukidondosha maji kuanzia Msimbazi, na kwamba mtu hawezi kukumbatia samaki akatoka na tabasamu kama langu. Akawaonyesha mgongo wangu. Akasema huyu anateswa na joto, mwacheni. Watu wakacheka, wakatawanyika.

Yaani alinichungulia nikikumbatia gunia! Na pia ametumia harara yangu kujipatia sifa mbele ya balozi.

Pipa lilikuwa nusu. Nguvu za kwenda bombani sina. Maji yenyewe yapo sakafuni, mengi, nimeyapata kwa jasho. Nikayakausha kwa tambara na kuyakamulia pipani. Limejaa! Maji ni maji.

Jumamosi, 13 Februari

Bi Tatu ameoga saa tatu asubuhi, kwa pipa la bafuni. Nilikuwa nje ya bafu kusikiliza pongezi.

Ametoka amenuna. Kuna unga wa mbao nyweleni. Akauliza harufu gani hii. Nikasema huenda ni udi wa jirani. Akajipaka marashi, akajifukiza ubani, akajitupia gauni lenye ua, akaondoka na mashoga zake kuelekea kwenye harusi. Joto likapanda, jasho likamtoka, na kadiri lilivyomtoka ndivyo harufu ilivyoamka.

Mengine nimeyapata kwa Hyasinta, aliyekuwepo. Paka wa kwanza alimfuata tangu kona. Walipofika kwa bibi harusi walikuwa saba. Mmoja alimpanda mapajani wakati wa kula pilau, akagoma kushuka. Mama wa bwana harusi aliwahamisha wageni, akamwacha Bi Tatu peke yake kwenye jamvi, yeye na paka wake. Bi Tatu mwenye cheo chake mtaani!

Nimemuuliza Hyasinta kama pipa langu lilitajwa. Akaniambia lilitajwa mara nyingi, mengine hawezi kuyarudia, yeye ni mwanakwaya.

Nimejitetea kimoyomoyo. Sharti lilikuwa pipa lijae, na lilijaa. Hakuna aliyezungumzia paka.

Jumapili, 14 Februari

Nimetoka misa ya kwanza, nikamkuta Bi Tatu ukumbini na ufunguo mkononi. Sikuwahi hata kumwamkia. Ufunguo ukaenda kwa Awadhi. Sababu hakuitaja, ila paka mmoja alikuwa bado anamzunguka miguuni.

Nimeumia. Naandika wazi, daftari hili halina mpangaji mwingine. Nilikitaka chumba kile kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu nije mji huu. Nimekaa kitandani, bati linalia kwa jua, mgongo unawasha, nikaona wiki ya mvuke, masizi na minong'ono imeishia hapa nilipoanzia.

Saa nane Awadhi akabisha hodi. Akasimama mlangoni akikunakuna kichwa. Akasema chumba ni kikubwa, yeye na cherehani yake hawajazi hata nusu. Vitanda viwili vinaenea, kimoja kila dirisha. Akasema, karani, hiyo harara itakumaliza, beba godoro lako uje, dirisha la upande wa bahari chukua wewe. Kodi tutajua baadaye.

Nilimwangalia sana. Alikuwa hatabasamu.

Hapo ndipo nilipomwelewa! Nani duniani ana madirisha mawili halafu agawe moja? Bila shaka linavuja. Masika yakianza nitalowa mimi, yeye akiwa mkavu upande wa pili. Au anataka mtu wa kumshikia taa akishona. Au anataka mtaa mzima useme karani amehifadhiwa na fundi. Wiki nzima amenitegea, madebe, ua, ushahidi, na leo ndio alikuwa anavuta kamba. Nikamshukuru kwa adabu zote za kwetu. Nikamwambia mimi huwa nasikia baridi.

Akasema sawa, akarudi kwake. Lakini mlango wake hakuufunga. Ameuegemeza kwa tofali, na madirisha yote mawili kayaacha wazi, upepo ukavuka ukumbi moja kwa moja mpaka kitandani kwangu. Kurasa za daftari hili zikaanza kupeperuka. Mgongo ukapoa. Mara ya kwanza wiki hii nikaweza kuegemea ukuta.

Sikumruhusu! Nimeinuka nikafunga mlango, nikatia komeo, nikaziba chini kwa tambara na tundu la kitasa kwa karatasi. Sasa jasho linanitiririka mpaka wino unachuruzika, lakini hakuna mtu Kariakoo hii atakayesema Vitalis alipozwa na Awadhi.