Ujana Wangu kwa Mbuzi Watatu

Jumatatu, 7 Julai 2025. Kanyangi.

Mwongeli anarudi! Habari imeletwa na dada yangu Kathini, ninayeishi naye. Alinipa huku anachambua ndengu, kana kwamba anataja bei ya sukari. Mwongeli aliyeolewa Nunguni. Mjane sasa mwaka wa tatu. Ametolewa mtoto wa jicho, na mwisho wa mwezi huu atakuja kukaa kwa mdogo wake hapa Kanyangi hadi macho yatulie.

Nimekwenda kwenye kioo. Gedion, nani huyu? Mvi tupu. Mashavu yameshuka. Babu yangu ameingiaje humu ndani?

Zamani katika kwaya Mwongeli aliimba sauti ya kwanza, mimi ya tatu. Tukitoka mazoezini tulirudi njia moja, polepole, ingawa kwao kulikuwa upande mwingine. Siku moja akaniuliza nitapeleka mbuzi lini. Kwetu ni mbuzi watatu kwanza, ndipo watu wajue msichana ana mwenyewe. Mimi nilikuwa na wawili. Nikamwambia baada ya mavuno. Mvua ikakosa. Akatokea mtu wa Nunguni na watatu wake, wanono. Mvua ndiyo ya kulaumiwa.

Tangu hapo zizi langu halijakosa mbuzi watatu. Kathini huuliza kwa nini siuzi wala sichinji. Namwambia nafuga tu.

Alhamisi, 10 Julai.

Nimetoka Kitui mjini. Huko kuna duka la virutubisho, ghorofani, la dada mmoja mpole sana anayeitwa Kagure. Ameniangalia kwa huruma, akasema seli zangu zimeshika kutu lakini kutu huondoka. Ana vidonge vya mafuta ya samaki, unga wa kulainisha ngozi, na vingine vya kijani ambavyo kazi yake ni kuziambia seli zirudi nyuma. Nimenunua vyote. Mbuzi mmoja ameondoka zizini. Si hasara, ni uwekezaji.

Njiani nimekutana na Nzau. Tulizaliwa mwaka mmoja, tukaimba kwaya moja, yeye besi. Sasa kichwa chake ni pamba tupu, tumbo limetangulia mbele, na yeye ni mjane pia. Aliniuliza kama nimesikia kuhusu Mwongeli. Nikamwambia Mwongeli yupi. Akacheka. Nacheka mwisho mimi.

Jumapili, 20 Julai.

Hakuna mabadiliko. Isipokuwa kwamba paka wa jirani ananifuata hadi kanisani. Kathini anasema nanuka omena.

Nimempigia Kagure kulalamika. Hakukasirika hata kidogo. Alieleza kwamba vidonge vinarekebisha ndani, na nje ni kazi ya homoni. Ana jeli ya kupaka mabegani kila asubuhi. Wazee wa Ulaya wanapaka na wanacheza mpira. Na nipake rangi nywele wakati nikisubiri.

Mbuzi wa pili huyo.

Jumatano, 30 Julai.

Nimepita zahanati kupimwa presha. Nesi Wavinya alitazama mashine, akanitazama mimi, akapima tena. Akauliza natumia nini. Nilipomtajia jeli aliweka kalamu chini. Alisema hiyo ni dawa ya mtu aliyepimwa damu na daktari, si ya kununua ghorofani, na kwa presha hii niiache leo leo. Nikamwambia nimesikia. Sikusema nimekubali.

Tena amechelewa kunishauri, maana imefanya kazi. Nina chunusi! Tatu puani na moja kubwa kidevuni, inauma vizuri kabisa. Mzee huwa haoti chunusi. Nywele nyeusi tititi. Nimevaa shati la kubana.

Jumamosi ni mwethya, ile kazi yetu ya kijiji kizima. Tunajenga ukuta wa mawe mtoni kuzuia mchanga na maji. Nimekwenda kwa Ndinda, katibu, nikamwomba anitoe kundi la wazee aniweke la vijana. Aliniuliza mara mbili kama nina homa. Nikakataa kuondoka mpaka alipokubali. Mwongeli amefika jana! Acha aje anione nikifanya kazi.

Jumamosi, 2 Agosti.

Siwezi kuinua mkono vizuri. Naandika hivyo hivyo.

Vijana hubeba mawe. Wazee hukaa chini ya turubai, wanakunywa supu ya kichwa na kuelekeza kazi. Ndivyo ilivyo tangu zamani, na mimi naijua desturi hii kama jina langu. Sasa niambie kwa nini sikuwaza kwamba Mwongeli naye ni mzee na atakaa na wazee!

Alikuja ameshikwa mkono, miwani myeusi usoni, leso ya bluu. Mdogo zaidi kuliko nilivyomkumbuka. Wakamkalisha kando ya Nzau. Nzau akamshikia bakuli. Mimi nikiwa mtoni, jiwe begani, namsikia Mwongeli anacheka. Kicheko ni kile kile. Hakuna mtu aliyekigusa miaka yote hii. Niliweka jiwe chini nikasahau nimeliweka wapi.

Kisha wakaimba wimbo wetu wa kwaya, yeye sauti ya kwanza, Nzau besi. Sauti ya tatu haikuwepo. Pengo lile nililisikia. Nikaanza kuimba kutoka mtoni, na jiwe jipya begani. Pumzi ikanikatika ubeti wa kwanza.

Wakati wa uji akina mama wakashuka kutuhudumia. Mwongeli akaja na mdogo wake, akanipa kikombe, akasogeza uso karibu. Alisema anaona kwa ukungu bado, lakini je, mimi si wa kwa Muli? Nikasema ndiyo. Akasema nafanana sana na Gedion, sura na sauti. Je, mimi ni kitinda mimba wao?

Nikasema ndiyo.

Sijui kwa nini! Ulimi! Nafikiri ni wale mbuzi wawili waliojibu. Nimewatoa kulipia ujana, na huyu hapa, mtu wa kwanza kuuona, na mtu mwenyewe ni yeye. Akauliza naitwa nani. Nikasema Kiilu, jina la kwanza lililonijia.

Akauliza kama Gedion yu hai. Nikasema yu hai, amechoka tu. Akasema asubuhi nzima amekuwa akiwasalimia wazee mmoja mmoja, anatafuta kichwa cheupe cha Gedion. Waliomjua akiwa msichana karibu wote wamezikwa, na Nzau anajisemea mambo yake tu. Angetaka kukaa na mtu aliyezeeka pamoja naye. Jumamosi ijayo atakuja kwetu kumsalimu.

“Na umwambie asijipambe,” akasema. “Aniwekee kiti tu.”

Akaenda. Uji ukapoa mkononi mwangu. Nilitamani kumwita. Jina lake lilikuwa mdomoni kabisa.

Jumapili, 3 Agosti.

Sikwenda kanisani. Mgongo. Kathini ananisugua dawa, nikamweleza yote nikiwa nimelala kifudifudi. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaona uso wangu, akaacha.

Alisema jambo hili ni dogo. Jumamosi nikae mlangoni, Mwongeli akifika nimwambie ni mimi, mjinga mwenyewe, tucheke sote tunywe chai. Na yule mbuzi mmoja aliyebaki nimfunge mbele ya nyumba, amwone. Mwongeli ataelewa.

Kathini ni mtu mwema. Mambo ya mapenzi hayajui.

Jumatano, 6 Agosti.

Rangi haitoki! Nimejaribu sabuni ya kipande, ndimu, majivu. Nimejaribu kujipaka unga wa mahindi kichwani nikapita uani kuona unavyokaa. Kuku wote wakanijia. Mwongeli anatarajia mvi, na kiti chake nimeshakipiga msasa. Hawezi kuja akute Kiilu.

Nimempigia Kagure. Nikamuuliza kama kuna dawa ya kuzeesha, tena haraka. Akaniomba nirudie swali. Halafu akasema bahati yangu ni kubwa. Mkebe mmoja umeingia leo leo. Mvi siku ya pili, makunyanzi siku ya tatu, na ya nne mtu anaanza kukohoa kwa heshima. Nilihisi machozi. Mwanamke huyu ana kila kitu!

Mbuzi wa tatu ameondoka alasiri. Aligeuka akanitazama langoni. Tangu hapo Kathini anagonganisha sufuria tu.

Zizi liko wazi, naliona nikiwa hapa. Jumamosi Mwongeli atakaa karibu yangu, kiti kwa kiti, wazee wawili, na tutaimba, sauti ya tatu itakuwepo. Na kama atauliza habari za mbuzi, jibu ninalo tayari. Nitamwambia baada ya mavuno.