Mashine ya Darasa la Saba

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mkurugenzi alikuwa na upara unaong'aa kama sahani, kwa hiyo aliona ni haki yake kutumia za wenzake. Cheo alijipa mwenyewe. Hakuna ofisi iliyowahi kumwona ila akitoka mbio.

Asubuhi hiyo alisimama mbele ya posta akimtazama mwandishi wa barua, dada mmoja mwenye meza, kalamu tatu, na mteja hata wa dawa hana. Watu walimpita wakiziambia simu zao ziwaandikie.

"Dada, unajua kosa lako?"

"Niambie, kaka."

"Wewe ni mtu. Siku hizi mtu nani anamtaka? Kila redio inaimba akili bandia. Ukiwa mashine, kesho watapanga foleni."

Mwandishi alifikiria kidogo. "Mashine inakula?"

"Itakula."

Mwenye nyumba mmoja, bahili wa kupigiwa mfano, alimpa Mkurugenzi chumba kwa ahadi ya kufanywa mbia. Mkurugenzi akasimamisha gamba la friji bovu, akalitoboa tundu la kusemea na jingine la kutolea karatasi, akalizungushia taa za rangi. Nyuma yake, juu ya kigoda, ikakaa akili yenyewe. Ilikuwa akili kweli, tena yenye cheti cha darasa la saba. Watu walipouliza mbona inaandika kwa mkono, Mkurugenzi alieleza kwamba hilo ni toleo jipya. Yanayopiga chapa ni ya kizamani. Ilipopiga chafya, alitangaza kwa uso mkavu kwamba inajisasisha.

Watu walifurika. Mama mfua nguo alikuja kila wiki kumwandikia mwanawe aliye mbali. Siku moja, kabla ya barua, tundu lilitoa kikaratasi, Mkurugenzi akamsomea: "Mama, umesema hujambo, lakini umesema kwa kuvuta. Goti bado?" Mama akalia hapo hapo. Kesho yake alileta majirani sita.

Mwezi wa pili mwandishi akaomba kiti chenye mgongo.

"Dada, umeona wapi mashine ikidai kiti? Leo kiti, kesho likizo."

Akampa kwaheri. Ndani ya friji akaweka simu yenye akili bandia ya kweli, na printa. Kwa mara ya kwanza maishani Mkurugenzi alikuwa anauza kile kile alichosema anauza. Jambo hilo lilimpa wasiwasi kidogo.

Jumatatu mama akaliambia tundu: "Mwandikie mwanangu sijambo." Zikatoka kurasa tatu.

"'Mpendwa mwanangu,'" akasoma Mkurugenzi, "'ni matumaini yangu makubwa kwamba ujumbe huu utakukuta ukiwa na mafanikio katika nyanja zote...'"

"Nyanja gani? Mimi nina nyanja? Na haikuuliza goti langu! Hii bandia!"

"Ndiyo, mama. Ni akili bandia."

"Ile ya kwanza ilikuwa halisi. Sasa umetuwekea bandia! Mwizi we!"

Foleni ikachafuka. Mwenye nyumba akaingia. "Mtambo wangu uko wapi?"

Mkurugenzi, mgongo ukutani, akafanya jambo asilolizoea: akasema kweli. "Naapa, hii ndiyo yenyewe! Ile ya mwanzo ilikuwa mtu! Yule dada wa posta!"

Wakaangua kicheko. "Mtu gani ana subira ile?" akauliza kinyozi mmoja. "Hata kudanganya hujui."

Lakini mama alikwisha shika njia ya posta, akichechemea, foleni nzima nyuma yake. Mwandishi akainua macho kutoka mezani.

"Shikamoo, mama. Goti bado?"

Mama akapiga kelele: "Ndiyo yenyewe! Mashine yangu hii hapa!"

Mwenye nyumba akamkagua juu mpaka chini. "Binti, ulikuwa mtu muda wote?"

"Tangu kuzaliwa, mzee."

"Basi tumetapeliwa!"

"Umetapeliwa wewe," mama akamkata. "Mimi barua zangu zilifika, na mtoto akanijibu. Mpe huyu chumba, la sivyo foleni yote inahamia kwa jirani yako."

Mwenye nyumba alimchukia jirani yake kuliko alivyopenda mitambo. Akatoa ufunguo. Gamba la friji likaenda kwa muuza vyuma chakavu, na mwandishi akaketi mlangoni, kwenye kiti chenye mgongo, watu wote wakimwona.

Baada ya wiki tatu Mkurugenzi alisimama kwenye foleni, kofia imemshuka hadi puani. Mtaa wa kumwamini haukubaki. Simu yake ilikuwa imemwandikia barua za kazi nzuri ajabu, ila kila ofisi ilikwisha pokea nyingine mia za namna ile ile.

"Niandikie ya kuomba kazi, dada. Weka kweli tupu. Labda itaonekana mpya."

Mwandishi aliandika bila haraka, akamkabidhi. Mistari miwili tu: "Mwombaji huyu anaweza kuuza maji mtoni. Mwajirini, ila msimwachie ufunguo."

Alizunguka nayo siku tatu. Ofisi ya nne ikamwajiri.

Ufunguo hawakumpa.