Aghalabu Watatu

Jumapili, 2 Juni

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote: nataka kushinda. Mimi! Mtu ambaye katika kila safari ya klabu hufika wenzake wakiwa wameshapumzika na kuanza kuondoka. Wanadhani niko kwenye klabu ya baiskeli kwa ajili ya ukatibu tu, kwa kuwa nina mwandiko mzuri na sina maneno mengi. Waendelee kudhani.

Shindano linaanza kesho. Wiki mbili. Kila mtu ataandika kilomita zake kwenye daftari la klabu. Watatu wa kwanza watapakiwa kwenye pikapu ya Fundi, wao na baiskeli zao, kwenda kuona mashindano makubwa kwenye mji wa viwanda. Huko ni mwendo wa siku nzima. Fundi ndiye mlezi wetu. Makao ya klabu ni karakana yake, na benchi moja lenye mguu mbovu.

Fundi amesema zihesabiwe safari za pamoja tu, hii si klabu ya wapweke. Nikauliza kwa sauti ya chini, pamoja ni wangapi? Akasema, "Katibu, msomi ni wewe. Andika, ubandike mlangoni."

Hapo shetani akanikalia begani. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, kila jioni huzunguka mji na kaka yake. Kilomita ishirini! Ni wawili tu. Na huniita Kobe mbele za watu. Mimi huenda shule na wenzangu watano, kilomita kumi na mbili kwenda na kurudi. Wawili wakihesabiwa, nimekwisha. Wasipohesabiwa...

Nimeandika: "Safari itahesabiwa endapo waendeshaji ni aghalabu watatu." Ningeweza kuandika "angalau", lakini hilo kila mtu analijua. Aghalabu lina uzito. Nimelipigia mstari.

Jumatatu, 3 Juni

Binamu amesoma tangazo. Amecheka. Amegeuka, akamwita Kengele, yule asiyeacha kupiga kengele hata barabara ikiwa tupu. Wamekuwa watatu. Sheria niliyoihangaikia jioni nzima ameimaliza kwa kupiga mluzi!

Anasema atabadilisha mtu wa tatu kila siku kama soksi. Akaniuliza, "Kobe, leo unakuja?" Nikasema nina kazi ya hesabu. Sikuwa nayo.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya. Nilikuwa nakagua daftari. Nikafika ukurasa wa Sindano.

Sindano ni rafiki yangu tangu darasa la pili. Mwembamba hadi shati linamtafuta. Mama yake ni muuguzi, na kila alfajiri Sindano humsindikiza hospitalini, kila mmoja na baiskeli yake, kisha yeye hugeuza kwenda shule. Ameandika kwa herufi zake ndogo: "Mimi na Mama, 14." Mara nne. Mimi na Mama. Wawili!

Nilijua habari za asubuhi zake. Nilijua kabisa. Nilipokuwa naandika sheria nilimwona binamu tu, kama mtu anayerusha jiwe bila kutazama nyuma ya ukuta.

Na katika klabu nzima ni Sindano mwenye sababu ya kwenda. Baba yake alihamishiwa kiwanda cha unga kwenye mji huohuo. Mwaka wa pili huu hajaja nyumbani. Baiskeli anayoendesha Sindano aliiacha yeye. Sindano anataka baba yake aione, aone kwamba bado inakwenda. Aliniambia mimi tu.

Nimekata mistari minne kwa kalamu nyekundu. Alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Sheria ni sheria, mwenzangu." Hakukunja hata uso. Afadhali angekunja.

Anasema ataendelea kuandika tu, huenda mambo yakabadilika.

Jumanne, 11 Juni

Nina akili! Nikiongozana nao alfajiri, tunakuwa watatu. Sindano anahesabiwa, na mimi dhamiri inapumua. Na sihitaji kukiri lolote. Ndivyo nilivyojiambia jana usiku.

Nimeamka kabla ya jogoo. Mama yake Sindano akafurahi, akasema karibu mwanangu. Mlima wa kwanza, mnyororo wangu ukatoka. Nikaurudisha. Ukatoka tena, safari hii na kidole changu ndani. Mama yake akashuka na sare yake nyeupe, akanitoa kidole, akaurudisha mnyororo kwa dakika moja. Sare ikapata mkanda wa grisi kifuani kama nishani. Akachelewa kazini. Mimi nikamalizia kwa miguu.

Aliniambia kwa upole sana kwamba anashukuru, ila kesho nilale.

Fundi naye kakataa kuihesabu. Anasema kusukuma baiskeli si kuendesha, waendeshaji walikuwa wawili na mtembea kwa miguu mmoja. Na kwa kuwa sikwenda shule na wale watano, nimepoteza kumi na mbili zangu. Jumla ya faida: kidole kilichovimba.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika haya huku masikio yanawaka.

Kikao cha kufunga shindano. Daftari mezani. Sindano akanyoosha mkono, yeye ambaye hanyooshi mkono hata mwalimu akiuliza jina lake. Akasema samahani Fundi, shikamoo, alimuuliza mwalimu wa Kiswahili maana ya aghalabu. Mwalimu kasema ni "mara nyingi". Basi sheria inasema waendeshaji mara nyingi wawe watatu, si kila mara. Kwa hiyo labda, kama haitakuwa shida, yeye na mama yake...

Kengele akapiga kengele. Fundi akamwambia aache, kisha akanigeukia mimi. Katibu ndiye mwenye kamusi, aseme mwenyewe neno lake.

Nilipiga hesabu haraka kuliko ninavyoendesha. Binamu na kaka yake wana 260 kila mmoja. Mimi 168. Kengele 160. Sindano ana 60 za safari za klabu za Jumamosi mbili, lakini akirudishiwa asubuhi zake anakuwa na 200. Yeye anaingia. Mimi natoka. Na zaidi ya hapo, katibu mzima, msomi, nionekane sijui neno nililolipigia mstari!

Nikasema aghalabu maana yake ni angalau. Nikaongeza kwamba ni matumizi ya kale.

Sindano akasema, "Basi, kama Katibu kasema." Akakaa. Benchi likayumba.

Binamu akanipiga mgongoni, eti hongera Kobe, umefika. Ni mara ya kwanza ananisifu. Nikalifunga daftari.

Jumapili, 16 Juni

Nimefungua kamusi. Aghalabu: mara nyingi, kwa kawaida. Hakuna matumizi ya kale. Nimetazama hata kwenye kurasa za nyongeza.

Jambo lenyewe ni jepesi. Niende kwa Fundi, niseme: nilikosea, na jana nilidanganya. Maneno manne. Nimekwenda. Fundi akauliza nataka nini. Nikanunua kifuniko cha valvu ya tairi. Nikatoka, nikazunguka jengo, nikarudi. Nikanunua kingine. Mara ya tatu aliniuliza baiskeli yangu ina magurudumu mangapi.

Alhamisi, 20 Juni

Nimepata njia. Sitakwenda. Nitaugua! Nafasi itabaki wazi, na Fundi ana huruma, atamchukua Sindano tu. Hakuna atakayeaibika. Nimeanza kukohoa tangu chakula cha mchana ili ugonjwa uwe na historia. Mama kaniwekea blanketi la pili. Joto kali humu.

Jumamosi, 22 Juni

Wameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Sikuhitaji kuuliza nani kachukua nafasi yangu. Kengele ilisikika mtaa mzima, mpaka kona, na baada ya kona. Fundi kafuata orodha. Wa nne ni wa nne.

Saa nne Sindano akaja kunitazama. Kaleta machungwa. Akaniuliza nilikunywa dawa gani, akagusa paji langu kama anavyofanya mama yake, akasema nina jasho, ni dalili nzuri. Kisha akacheka kidogo, akatoa bahasha mfukoni. Ni picha ya baiskeli, imesafishwa, imeegemezwa ukuta wa kwao. Jana alikuwa anakuja kunipa nimpelekee baba yake, mama yangu akamwambia nimelala, nisisumbuliwe. Akasema si neno. Akairudisha mfukoni. Akasema pole sana, ile nafasi niliistahili, na wala nisihuzunike.

Tulikuwa wawili tu chumbani. Mlango umefungwa. Nikajiinua, nikafungua kinywa nimwambie yote.

Nikakohoa.

Akaniwekea vizuri blanketi, akaaga.

Nimeamka, nimekaa mezani, nimeandika rasimu ya sheria za shindano la Agosti. Kifungu cha kwanza: safari ya mwanachama na mzazi wake ihesabiwe mara mbili. Sindano hawezi kushindwa. Nimeandika kwa maneno mepesi kabisa. Nimesoma mara tatu. Hakuna mahali panaposema ni mzazi wa Sindano tu.

Kisha nimekwenda jikoni kumuuliza Mama kama aliwahi kupanda baiskeli.