Wavulana wa Darasa la Saba Wako Wapi

Ukungu ulikuwa bado haujapanda kutoka bondeni, na wanaume wa kijiwe cha stendi ya mboga, nje kidogo ya Lushoto, walikuwa wameshika vikombe vya kahawa kwa mikono miwili, makoti yamefungwa hadi kooni. Anord alipofika alikwenda kukaa pembeni, mahali ambapo si pake. Huyu ndiye waliyemwita Mkaguzi, kwa sababu hakuna kilichopita mbele yake bila kukosolewa, kuanzia kifusi cha mkandarasi wa barabara hadi mahubiri ya mchungaji. Leo alikuwa kimya, na alikuwa na sababu zake.

Abrahamu, ambaye kijiweni ni Redio, hakungoja salamu ziishe. Simu ilikuwa mkononi.

"Wagosi, matokeo ya darasa la saba yametoka. Shule yetu imepanda."

"Imepanda kutoka wapi?" aliuliza Mansuri, mnunuzi wa mboga, waliyempa jina la Tajiri Kabichi. "Ile shule ilikuwa chini mpaka ukiitafuta unainama."

"Sasa inaonekana ukiwa umesimama. Lakini sikiliza. Waliofaulu thelathini. Wasichana ishirini na sita, wavulana wanne."

"Rudia hapo."

"Wanne. Timu ya mpira haipatikani, labda wacheze drafti."

Mansuri akaweka kikombe chini. "Hapo kuna mchezo umechezwa. Mtihani huo umetungwa na mwanamke. Nina uhakika maswali yalikuwa ya kukanda maandazi."

"Swali la hesabu lilikuwa la tangi la maji."

"Na maji anachota nani? Si unaona?"

"Basi sema na msahihishaji ni mwanamke."

"Anajua mwandiko wao. Wanaandika kama wanashona."

Redio akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kotini. Mansuri hakucheka. Alimgeukia Anord. "Mkaguzi, leo umemeza nini? Wewe una mapacha mle. Injinia wetu kapata ngapi?"

Kwa miaka saba kijiwe hiki kilikuwa kimeambiwa kwamba Timotheo ni injinia anayesubiri kujengewa ofisi. Anord alimnunulia taa ya sola asomee chumbani. Kuhusu Yusta, pacha wake, kijiwe kilijua tu kwamba anakata majani ya ng'ombe vizuri. Na jana jioni matokeo yalifika nyumbani. Yusta ana A. Timotheo hata kwa jicho la mzazi hakuonekana. Anord alitoka nje akaenda kusimama zizini, kwa kuwa ng'ombe ndiye pekee ambaye hangemuuliza kitu.

"Mtandao unasumbua," alisema sasa.

"Kwangu unafungua," alisema Redio. "Nitajie namba yake."

"Sikuja nayo." Halafu haraka haraka akairudia sauti yake ya ukaguzi. "Tatizo ni uongozi. Mwalimu mkuu mwanamke, tena wa kuja kutoka Tanga. Anawapendelea wasichana, wavulana wanakata tamaa. Mimi hili nimeliona muda mrefu."

"Shikamooni," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa mwalimu mkuu mwenyewe, Mwalimu Mwanasha, buti zina tope hadi vifundoni. Wakaitika marahaba kwa pamoja, kama darasa.

"Nawatafuta wavulana wangu wa darasa la sita," alisema. "Leo nusu hawapo."

Mansuri akaanza kuchunguza kikombe chake. Lori lake lilikuwa limeegeshwa pale pale, na upande wa pili kabichi zilikuwa zinaruka hewani na kudakwa, huku wadakaji wakihesabu kwa sauti za kitoto.

"Wananisaidia kidogo tu, mwalimu," alisema. "Wanajifunza biashara."

"Juzi walijifunza, jana walijifunza. Darasa la kwanza wanaandikishwa nusu kwa nusu, baba. Wakifika la saba wasichana ni mara mbili. Mimi simpendelei mtu. Nafundisha aliyekuja."

Redio akaizima simu yake, jambo ambalo halijapata kuonekana.

Mwalimu akamwona Anord pale pembeni, uso wake ukafunguka. "Baba Yusta, hongera sana. Wa kwanza shule nzima."

"Baba nani?" aliuliza Redio.

"Yusta. Alikuwa anakuja na mzigo wa majani kichwani, anauficha mtaroni kengele isimkute nao. Nilimruhusu auweke nyuma ya ofisi yangu."

Anord alijisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja, mpaka hakujua uso wake auweke vipi. Akauliza polepole, "Na Timotheo, mwalimu? Tatizo lake ni hesabu?"

"Timotheo alikuwa haji. Tangu likizo ya Juni nimemwona siku za kuhesabu kwa vidole. Nilidhani umempeleka kwa babu yake Malindi."

Mansuri akakohoa. "Mgosi," alisema, "yule mtoto anapanga magunia vizuri ajabu. Mimi nilijua unajua."

Anord alitaka kumkasirikia. Alishafungua hata mdomo. Kisha akakumbuka kwamba asubuhi zote hizo yeye mwenyewe alikuwa amekaa hapa hapa, anaikosoa serikali, ameligeuzia lori kisogo.

"Lete huyo Timotheo shuleni kesho," mwalimu alimwambia. "Uje naye wewe, si mama yake. Tuone habari za chuo cha ufundi." Akazunguka lori, na kabichi zikaacha kuruka.

Kijiwe kikavunjika bila mtu kukivunja. Redio alikumbuka ana kikao. Mansuri alikumbuka lori halina mpakizi, akavua koti.

Anord alishuka nyumbani kwa miguu, akachukua mundu ukutani na kamba ya majani. Mkewe, Jenoveva, alikuwa kwenye matuta ya karoti. Alipomwona mumewe anakuja shambani kabla ya saa sita, aliacha jembe, akajifunga khanga vizuri kiunoni, macho yakaanza kulengwalengwa.

"Sema tu, Baba Timo. Nani amefariki?"

"Hakuna. Nimekuja kukata majani ya ng'ombe."

Jenoveva akaketi juu ya tuta, akamtazama kwa huruma.

"Basi ni wewe unaumwa," alisema.