Pikipiki ya Mahameli

Jumamosi, 3 Mei

Nimeinunua! Kwa sasa imesimama sebuleni, kati ya kabati la vyombo na mke wangu. Kabati halijasema kitu.

Ni pikipiki kuukuu ya ofisi ya mifugo. Ililala stoo tangu enzi zile mabwana mifugo walipozunguka na pikipiki vijijini kuchanja ng'ombe. Mtunza stoo aliniuliza naitakia nini. Nikamwambia hayamhusu. Akanikabidhi ufunguo wake, mmoja tu, umepinda, una kutu na kamba ya ngozi.

Sababu ni hii. Tarehe 18 baba mkwe na mama mkwe wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Baba mkwe, bwana mifugo mstaafu, ametangaza mbele ya ukoo mzima kwamba siku hiyo ataingia uani kwake juu ya pikipiki, mama mkwe nyuma, kama zamani. Pikipiki ya nani, hakusema. Macho yote yakamgeukia mwanyumba wangu.

Mwanyumba wangu ameoa mdogo wa mke wangu. Ni daktari wa meno. Ana pikipiki kubwa, mpya, inayong'aa, na meno yanayong'aa kuliko hiyo pikipiki. Baba mkwe humwita "mwanangu." Mwanangu karibu. Mwanangu kula. Mwanangu mbona umekonda? Mimi ndiye mkwe mkubwa, mwaka wa kumi na moja huu, na naitwa "huyu bwana." Mpeni huyu bwana kiti. Huyu bwana ameshakula? Nauza mapazia jamani, siuzi bangi!

Nataka kuitwa mwanangu. Basi. Sina tamaa nyingine hapa duniani, labda na paja la kuku, ambalo nalo hupewa daktari.

Jumapili, 4 Mei

Nimeikagua kwenye mwanga. Aibu tupu. Kiti kimepasuka. Taa imepauka. Tangi la petroli lina shimo ubavuni, limebonyea ndani bila kutoboka, ukubwa wa ngumi, kana kwamba lilipigwa pembe. Dereva gani mzembe kiasi hicho? Ndiyo matokeo ya kuwakabidhi mali ya umma watu wasiojua kuegesha.

Mke wangu aliinama akalitazama lile shimo kwa muda mrefu. Akaniuliza kama naikumbuka hadithi ya baba yake, ile ya fahali. Nikamwambia naikumbuka neno kwa neno.

Ukweli ni kwamba baba mkwe huisimulia kila tukikaa mezani, na wakati huo mimi huwa kazini. Nalinda paja. Najua kuna fahali, kuna pikipiki, halafu watu wanacheka. Inatosha.

Mke wangu akashauri nimwonyeshe baba kabla sijaigusa. Maskini, hana kipaji cha kushtukiza watu.

Jumanne, 6 Mei

Nimeipeleka kwa Fundi Kesho. Anaitwa hivyo kwa sababu ukimuuliza kazi itakwisha lini, jibu unalijua. Lakini leo, alipoiona pikipiki yangu, alisema anaanza papo hapo. Kipaji hutambua kipaji.

Tumeanza na kiti. Nimemletea mahameli mekundu kutoka dukani, kipande kilichobaki kwenye pazia la ukumbi wa mikutano, pamoja na vishada vyake vya rangi ya dhahabu. Fundi aliyashika, akayaweka chini, akayashika tena. Akasema katika maisha yake yote ya ufundi hajawahi kuona kitu kama hiki. Nikamshukuru.

Halafu akauliza kiti cha zamani nakipeleka wapi. Sikuwa nimefikiria. Akasema nisijisumbue. Vya zamani nimwachie, atatupa mwenyewe.

Bure! Siku hizi hata mzoa taka anakuangalia mfukoni kwanza. Nimempata mtu.

Ijumaa, 9 Mei

Nilitaka shimo la tangi lizibwe. Fundi akasema kuziba ni kazi, kubadilisha ni mchezo. Tumebadilisha. Tangi jipya ni laini kama yai. La zamani? Nimwachie, atatupa.

Kisha nikamwita mwandishi wa mabango. Nilitaka maneno mawili tu ubavuni: MKWE HALISI. Herufi kubwa, zisomeke hata na asiye na miwani. Jamaa akaandika kwa ulimi nje, kwa madaha, kama anachora ramani. Herufi zikawa kubwa kweli. Nafasi ikamwishia. Badala ya kufuta akazunguka, akamalizia upande wa pili.

Sasa ukisimama kushoto unasoma MKWE HALI. Ukizunguka kulia unakuta SI.

Nililalamika. Akasema msomaji mwenye akili ataunganisha. Nimeona ana hoja. Ukoo wa mke wangu umesoma.

Jumatatu, 12 Mei

Mambo yanakwenda. Injini ilikuwa inakohoa, tumetoa. Bomba la moshi, taa, madigadi, magurudumu, usukani, tumetoa. Nilitaka pia kiti kikae chini zaidi, fundi akasema fremu ya zamani haitakubali, basi nayo tumeitoa. Kila kitu amepokea kwa mikono miwili akitabasamu. Jinsi mtu huyu anavyopenda kutupa!

Nilipokwenda nyuma ya gereji kunawa nilimkuta nani? Mwanyumba! Amechuchumaa, mikono ina grisi mpaka viwikoni. Daktari wa meno! Aliinuka ghafla, akanionyesha meno yote thelathini na mawili, akasema amepita tu kujaza upepo. Pikipiki yake haikuwepo. Alikuja kujaza upepo kwa miguu.

Nilicheka moyoni. Kijicho kibaya. Amesikia habari, amekuja kuchungulia. Nikamwonyesha mahameli ili aumie vizuri. Akayatazama, akakohoa, akaomba radhi, akakohoa tena. Akaniuliza kwa upole kama nililiangalia vizuri lile tangi la zamani kabla ya kuling'oa. Nikamjibu kwamba nililiangalia sana, ndiyo maana nililing'oa.

Nimemziba mdomo, yeye mwenye kazi ya kuziba meno ya wenzake!

Alhamisi, 15 Mei

Safari ya majaribio. Mambo ya kupiga kiki kwa mguu kama punda nimeyaacha. Pikipiki yangu inawaka kwa kitufe. Honi yake inapiga wimbo mzima, haikatiki mpaka uishe.

Nilipita mtaa mkuu polepole ili nionekane. Nilionekana. Mbele ya duka la dawa vishada vikaingia kwenye mnyororo. Mnyororo ukavivuta, vishada vikavuta mahameli, mahameli yakachomoka chini yangu, na suruali, kwa sababu ambazo sitaziandika, ikafuata. Honi ikawa ndiyo kwanza imeanza ubeti wa pili. Muuza dawa alitoka akaniuliza kama nina cheti cha daktari.

Mshonaji wa dukani kwetu amerekebisha. Amekata vishada, amebakiza vya mbele tu.

Sasa kitu cha zamani kilichosalia ni ufunguo ule uliopinda. Haufungui chochote. Fundi aliuomba huo pia, autupe. Akauomba tena wakati naondoka. Akanifuata mpaka barabarani akiuomba. Uaminifu wa kazi gani huu! Nilimwonea huruma, nikamwambia apumzike, ufunguo nitakaa nao mwenyewe kwa bahati njema.

Mke wangu ameniuliza tena kama baba yake amekwishaiona. Nikamwambia atulie. Jumapili baba yake atatamka neno moja tu, nalo analijua.

Jumapili, 18 Mei

Siandiki leo.

Naandika. Nitafanya nini kingine, nina njaa.

Nilipanga nitangulie mimi uani, pikipiki inang'aa, ukoo umesimama, baba mkwe anapanda, neno linatamkwa. Nilitangulia kweli. Nikapiga honi langoni. Watoto wote wa ukoo wakatoka mbio ndani ya nyumba, nikasema moyoni, haya ndiyo mapokezi. Wakajipanga mstari mbele yangu. Mdogo kuliko wote akanipa bakuli.

Baba mkwe akatoka barazani amevaa suti. Akanitazama, akautazama mstari, akamuuliza mama mkwe ni nani ameagiza aiskrimu.

Mama mkwe akasogea, akasoma tangi kwa sauti. Mkwe hali. Uso wake ukajaa huruma. Akasema kumbe ndiyo maana, na yeye siku zote anashangaa. Akazunguka kulia kutafuta sababu, akakuta SI. Akasema basi, si lazima kueleza. Akaagiza jikoni kwamba huyu bwana hali, sahani yake apelekewe daktari.

Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia kujitetea, langoni akaingia mwanyumba. Anasukuma kitu kimefunikwa shuka nyeupe. Akaivuta shuka.

Kiti kilichopasuka. Taa iliyopauka. Injini, fremu, madigadi. Tangi lenye shimo. Takataka zangu zote, kila moja mahali pake!

Honi yangu ndiyo kwanza ilikuwa imemaliza wimbo. Baba mkwe akashuka ngazi bila fimbo. Alikunja ngumi akaitia ndani ya lile shimo, ikaenea. Akaiacha humo. Halafu akaanza kusimulia hadithi ya fahali, na mimi, kwa kuwa leo sikuwa na paja la kulinda, nikaisikia mpaka mwisho kwa mara ya kwanza.

Fahali alikuwa wa babake mama mkwe. Bwana mifugo kijana alikwenda kumchanja, fahali akakataa, bwana mifugo akajificha nyuma ya pikipiki hii hii, pembe ikalibonyeza tangi. Juu ya uzio alikuwa amekaa msichana. Alicheka mpaka akaanguka. Bwana mifugo akaacha fahali, akaacha sindano, akakimbia kumwinua. Hajamwacha mpaka leo.

Kwa hiyo bila shimo lile hakuna kicheko. Bila kicheko hakuna mama mkwe, na mke wangu hayupo, na mimi ningekuwa nauza mapazia narudi kwenye nyumba tupu. Na pikipiki ilikuwa kwangu. Sebuleni! Pembeni ya kabati! Iliniuma. Sitanii, iliniuma mpaka nikasahau njaa kidogo.

Baba mkwe akapapasa karibu na taa. Akauliza, ufunguo uko wapi?

Mwanyumba alinisogelea taratibu, akaninong'oneza.

"Mwanyumba, ule ufunguo wa zamani bado unao?"

Ningeweza kusema umepotea. Nilifungua mdomo niseme. Mke wangu alikuwa ananitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi kwa ajili ya baba yake, si kwa ajili yangu. Nikautoa. Nikauweka mkononi mwa mwanyumba huku nimenuna, naye akauweka mkononi mwa mzee.

"Ahsante, mwanangu," mzee akasema.

Neno lenyewe. Limepita mbele ya pua yangu. Mzee alikuwa hatua mbili tu kutoka niliposimama, ningenyoosha mkono ningempa mwenyewe. Hilo lilinijia njiani narudi nyumbani.

Akapiga kiki. Injini ikakohoa, ikakohoa, ikawaka. Mama mkwe akapanda nyuma akamshika kiuno, wakauzunguka ua, naye anacheka. Nadhani ndicho kicheko kile kile. Watoto waliwafuata wote isipokuwa yule wa bakuli, ambaye alikuwa bado ananisubiri.

Jumanne, 20 Mei

Nimetulia. Leo nilikwenda kwa Fundi Kesho nikiwa nimekunja uso, nikamwambia anieleze. Akanieleza. Yeye alitupa, kama alivyoahidi. Daktari alikuwa amesimama pale pale anapotupia, sasa kosa lake ni nini? Nilifikiria nikaona ana haki. Si wengi wanaotimiza ahadi siku hizi. Wa kulaumiwa ni mwanyumba, mtu mzima na kisomo chake anaokota taka.

Habari njema. Baba mkwe alimpigia simu mke wangu, akamuuliza kama bwana aiskrimu alifika salama. Bwana aiskrimu! Miaka kumi na moja nilikuwa huyu bwana, leo nina cheo. Kutoka hapa mpaka mwanangu ni kujikaza tu.

Na nafasi imejileta yenyewe. Mama mkwe ametuachia cherehani yake, ile aliyojishonea gauni la harusi, ili mke wangu aitie mafuta. Mafuta tu! Imechoka mno. Gurudumu limepauka. Ukingo wa meza yake ya mbao una alama za meno madogo, mtoto gani huyo aliyeachwa atafune samani za watu? Mke wangu aliwahi kunisimulia hadithi ya cherehani hii, ya wakati alipokuwa mdogo. Naikumbuka neno kwa neno.

Mke wangu ametoka, hatarudi mpaka jioni. Mahameli nimeshapima, yanatosha na vishada. Fundi Kesho nimempigia, anakuja leo leo. Vya zamani amesema nimwachie, atatupa mwenyewe.