Nimenyang'anywa Msumeno kwa Sababu ya Chai

Kwako Shemeji, Muuguzi Mkuu wa Kliniki ya Kisukari,

Jumanne iliyopita, saa tano na dakika ishirini asubuhi, nilipoteza ruhusa ya kuwasha msumeno wa umeme katika karakana niliyoijenga kwa mikono yangu. Ufunguo anao dada yako, amri ni yako. Salamu zitafuata, kwanza malalamiko.

1. Nina miaka ishirini na miwili katika useremala, na kanuni moja: siweki kitu tumboni mpaka kazi ya kwanza ya siku iishe. Kwa kanuni hiyo nimetengeneza milango elfu moja mia nne na sita. Wewe unayekunywa chai mara tatu kabla ya adhuhuri, umetengeneza mingapi?

2. Kidonge chenu cha sukari nameza saa moja kamili asubuhi, sijakosa hata siku moja. Uliniambia nimeze na chakula. Nikachukulia ni maneno ya adabu, kama mtu anayesema karibu tule ilhali sufuria ameshaiosha. Sasa unadai kidonge hulichochea kongosho limwage insulini, nimekula au sijala, na sukari ya kwenye damu ikashuka kupita kiasi. Yaani mmenipa fundi asiyetazama kama mbao zipo, yeye anakata tu. Mimi fundi wa hivyo hamalizi siku kwangu.

3. Mnasema nilitetemeka, nikaloa jasho, nikamfokea mteja. Kutetemeka ni umri, jasho ni kazi, na yule mteja alistahili. Kwamba nilikata mlango ukapungua sentimita kumi na tisa, watu wafupi nao wana nyumba. Vidole vyangu vilikuwa kumi asubuhi na kumi jioni.

4. Kipimo cha sukari kilisoma 2.9, ninyi mnataka isiwe chini ya 4. Tofauti ni 1.1, kwetu hiyo hupitishwa randa mara moja, habari ikaisha. Lakini dada yako alinishika kidevu akaninywesha soda mbele ya wateja, nawe kwenye simu ukihesabu kama refa dakika kumi na tano za kusubiri kupima tena, kisha ukasema: "Shemeji, msumeno haujui kwamba wewe umemwoa dada yangu."

5. Kwa hiyo nadai kidonge chenye akili, kinachomsubiri mwenye mwili aamue kula. Kama hakipo, kliniki ifungwe, wagonjwa wote waje karakana kufanya kazi na njaa, tuone nani ataanguka.

Wasalimie wauguzi, mlinzi wa geti, na yule mzee wa kwenye foleni anayejua dawa kuliko daktari.

Wako mwenye haki,
Fundi Seremala, mume wa dada yako

N.B. Hayo ya juu niliyaandika leo saa nne na nusu asubuhi, nimemeza, sijala. Dada yako alisoma hoja ya tano, akaleta kipimo: 3.1. Nimekunywa juisi, nikasubiri zile dakika zako, nikala mkate na mayai. Sasa ni 5.8, na mwandiko wa hoja ya tatu siutambui. Kliniki usiifunge. Nijibu tu bila kuzunguka: siku nikichelewa kula, kidonge nikimeze au nikiache? Kesho saa moja kamili nitakuwa nimekishika mkononi. Jibu lifike kabla ya hapo.